Nani kiongozi wa kiroho wa nyumba? Mjadala wa malezi ya Kikristo mjini Durban

Makanisa mengi katika jiji la Durban, nchini Afrika Kusini, yanafundisha kwamba baba ndiye kichwa cha familia na kwamba yeye ndiye anayepaswa kuongoza sala nyumbani. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za jiji hilo baba hayupo. Anayewakusanya watoto jioni ni mama au bibi. Tofauti hiyo kati ya mafundisho na hali halisi ndiyo chanzo cha mjadala ambao umeyagusa makanisa, vyuo vikuu na hata mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Wito kwa wanaume

Mwaka 2004, mkulima na mhubiri Angus Buchan aliwaalika wanaume katika shamba lake la Shalom, karibu na mji wa Greytown, kaskazini-magharibi mwa Durban. Waliofika mara ya kwanza walikuwa mia chache tu. Miaka michache baadaye mkutano huo, uliojulikana kwa jina la Mighty Men, uliwavuta wanaume kwa mamia ya maelfu, hadi ule wa mwaka 2010. Wakati huo Buchan alikuwa tayari mashuhuri kutokana na filamu ya Faith Like Potatoes ya mwaka 2006, inayosimulia maisha yake.

Ujumbe wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mwanamume atubu, aache ulevi na uzinzi, arudi kwa mkewe na watoto wake, kisha ashike nafasi yake ya kuiongoza nyumba katika imani. Msingi wake ni Waraka kwa Waefeso, ambao katika sura ya 5 unamlinganisha mume na Kristo kama kichwa cha kanisa, na katika sura ya 6 unawaonya akina baba wasiwatie watoto wao hasira bali wawalee katika mafundisho ya dini.

Wapo wanawake walioupokea ujumbe huo kwa furaha, kwani mume anayeacha pombe na kurudi nyumbani ni nafuu kwa mkewe. Lakini wapo pia waliouhoji. Mwaka 2009, mwanatheolojia Sarojini Nadar wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alichapisha uchambuzi kuhusu mikutano hiyo. Hoja yake ni kwamba mamlaka ya mume, hata yakihubiriwa kwa lugha ya upole, bado yanamweka mke chini, na kwamba katika nchi yenye ukatili mwingi dhidi ya wanawake mafundisho ya namna hiyo yanaweza kuutayarishia ukatili njia.

Baba alikwenda wapi?

Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba ni takriban theluthi moja tu ya watoto wa Afrika Kusini wanaoishi na wazazi wote wawili. Zaidi ya asilimia 40 wanaishi na mama peke yake. Wanaoishi na baba peke yake ni wachache mno.

Hali hiyo ina historia yake. Tangu karne ya 19, kodi zilizotozwa na serikali ya kikoloni ya Natal ziliwalazimisha wanaume wa Kizulu kutafuta fedha mbali na kwao, katika bandari ya Durban, katika mashamba ya miwa na baadaye katika migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Walilazwa katika mabweni ya wanaume watupu, huku wake na watoto wakibaki vijijini. Sheria za pasi, zilizoamua nani aruhusiwe kukaa mjini, ziliitenganisha familia kwa nguvu ya dola hadi zilipofutwa mwaka 1986.

Kufutwa kwa sheria hizo hakukumrudisha baba nyumbani. Mtafiti Mark Hunter, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu mji wa Mandeni ulioko kaskazini mwa Durban, anaeleza jinsi ukosefu wa ajira ulivyowafanya vijana wengi washindwe kulipa mahari, ambayo Wazulu huiita ilobolo. Asiyeweza kulipa haoi. Na aliyempa msichana mimba nje ya ndoa anatakiwa kwanza kulipa fidia kwa familia ya msichana, iitwayo inhlawulo. Akishindwa, huenda akazuiwa kumkaribia mtoto wake.

Kwa hiyo mchungaji anayemtaka baba aongoze sala ya jioni huenda anazungumza na mwanamume ambaye hana ruhusa ya kuingia katika nyumba anamolelewa mtoto wake.

Akina mama wa Alhamisi

Pengo hilo halikubaki tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake Waafrika katika makanisa ya Kimethodisti, Kianglikana na mengineyo waliunda vyama vya sala vinavyojulikana kama manyano. Walichagua kukutana siku ya Alhamisi, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko ya watumishi wa majumbani. Hadi leo wanawake wa Kimethodisti waliovaa blauzi nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe ni sehemu ya mandhari ya Umlazi na KwaMashu, vitongoji vikubwa vya Durban.

Mwanahistoria Deborah Gaitskell ameonyesha kwamba mojawapo ya shughuli kuu za vyama hivyo ilikuwa malezi, hasa ya mabinti. Wamisionari waliwakabidhi akina mama wajibu wa kuwafunda binti zao kuhusu mwili na ndoa, kazi ambayo kabla ya hapo haikuwa ya mama mzazi. Akina mama waliubeba wajibu huo pamoja, kwa kuombeana na kulia pamoja.

Mfano wa malezi ya namna hiyo ni Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960. Baba yake, aliyefanya kazi katika misheni karibu na Bulawayo, alifariki Luthuli akiwa bado mchanga. Mama yake, Mtonya, alimpeleka Groutville, kijiji cha Wakristo kilichoko kaskazini mwa Durban, na kwa kazi za mikono akapata ada ya shule ya mwanawe. Ndugu wa baba yake, Martin Luthuli, ambaye alikuwa chifu, alimpokea kijana huyo nyumbani kwake. Uongozi wa kiroho ulikuwepo katika malezi hayo, ingawa baba mzazi hakuwepo.

Fimbo yafika mahakamani

Swali jingine ni jinsi mamlaka ya mzazi yanavyotumika. Wakristo wengi wamezisoma aya za kitabu cha Mithali kuhusu fimbo kuwa ni agizo la kumchapa mtoto. Sheria ya mwaka 1996 ilipopiga marufuku viboko shuleni, umoja wa shule 196 za Kikristo ulikwenda mahakamani kudai uhuru wa dini. Mwaka 2000, Mahakama ya Katiba iliyakataa madai hayo.

Wakati huo nyumbani palikuwa bado pana kinga. Mzazi aliyeshitakiwa kwa kumpiga mwanawe aliweza kujitetea kwamba adhabu ilikuwa ya wastani. Kinga hiyo ilikoma tarehe 18 Septemba mwaka 2019, pale Mahakama ya Katiba ilipotamka kwamba inakwenda kinyume cha katiba. Shirika la Freedom of Religion South Africa lilikuwa limeiomba mahakama iihifadhi. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Mkuu wa wakati huo, Mogoeng Mogoeng, ambaye hakuwahi kuificha imani yake ya Kikristo. Alieleza kwamba mtoto naye ana heshima ya utu, na ana haki ya kulindwa dhidi ya kila aina ya ukatili, na kwamba zipo njia nyingine za kumrudi.

Wazazi waliozoea kuiona fimbo kuwa ni sehemu ya wajibu wao wa kidini walijikuta wakilazimika kufikiri upya. Wengine walilalamika kwamba dola imeingia chumbani. Wengine walikumbusha kwamba fimbo ya mchungaji wa kondoo ni ya kuongozea, wala si ya kupigia.

Familia za Waswahili

Mjadala huu unawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Durban ina familia nyingi kutoka Kivu, Burundi na Tanzania, na ibada za Kiswahili hufanyika katika makanisa kadhaa ya wahamiaji. Baba aliyekuwa mwalimu huko kwao huenda hapa analinda magari barabarani. Watoto wanajua Kizulu na Kiingereza kuliko yeye, na ndio wanaomtafsiria ofisini. Ghasia dhidi ya wageni za mwezi Aprili mwaka 2015, zilizoanzia Durban na kuzipeleka familia kambini Isipingo na Chatsworth, ziliwaonyesha watoto wazazi wao wakiwa na hofu.

Kwa baba kama huyo, kauli kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba inaweza kuwa faraja. Inaweza pia kuwa kishawishi cha kuitafuta kwa ukali heshima aliyoipoteza mitaani. Sheria ya nchi alimo haimruhusu kuitafuta kwa fimbo.

Kilichobaki kwake ndicho walichokuwa nacho Mtonya na akina mama wa Alhamisi: kuwa karibu na mtoto kila siku, kufanya kazi kwa ajili yake na kusali naye. Makanisa yanayowaita wanaume warudi nyumbani yana hoja yenye nguvu. Lakini yatapaswa pia kueleza ni vipi baba asiye na ajira wala mahari atarudi, na atakaporudi, mama aliyeiongoza nyumba hiyo kwa miaka yote atapewa nafasi gani.