MTOTO ANAYENYAMAZA DARASANI

Watoto wetu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado si mabubu. Waangalieni ufukweni wakati ngalawa zinaporudi: wanabishana, wanahesabu samaki, wanajua bei ya leo na ya jana. Lakini wengi wao wakiingia darasani hunyamaza. Mwalimu akiuliza, wawili watatu wa mbele hunyosha mikono, na wengine hutazama chini.

Siku hizi tunasikia kwamba dawa ya ukimya huo imepatikana, nayo ni simu ya mkononi. Mwalimu anaanzisha kikundi cha wanafunzi wake katika simu, anatoa swali, na wanafunzi wanajadiliana baada ya masomo. Tukichunguze chombo hiki kama tunavyochunguza mashine mpya iliyoletwa kiwandani. Kinafanya kazi gani? Nani anakiendesha? Na gharama yake inatoka mfuko wa nani?

Ukimya unatoka wapi

Kwanza, tupige hesabu. Darasa lenye watoto 60 si jambo la ajabu katika nchi yetu. Somo la dakika 45 ukiligawa kwa watoto 60, kila mmoja anapata sekunde 45, na hapo mwalimu mwenyewe hajasema neno. Hata mwalimu hodari hawezi kuwasikiliza wote.

Pili, lugha. Kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, Ibo na Quissanga, nyumba nyingi zinasema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Nyingine zinasema Kimakonde au Kimakua. Katika sensa ya 2017, watu waliotaja Kireno kuwa lugha yao ya kwanza nchini kote walikuwa kiasi cha 17 tu katika kila 100. Tangu 2003 serikali imeingiza elimu ya lugha mbili katika baadhi ya shule, ambapo mtoto huanza kwa lugha ya nyumbani kisha akahamia Kireno. Hatua hiyo ni njema, lakini haijafika kila shule. Mtoto anayejua jibu kwa Kimwani, na hajui kulisema kwa Kireno, huonekana hajui kitu.

Tatu, vita. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, shule zimechomwa, walimu wamekimbia, na mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Mtoto aliyekimbia akakaa katika darasa la ugenini hasemi upesi.

Simu inaweza kufanya nini

Tuchukue mfano. Mwalimu wa pwani anataka kufundisha habari za mwezi na jua. Jioni anatuma swali moja: kwa nini maji ya bamvua hufika hadi minazini, na maji mafu hayafiki? Hakuna mtoto wa mvuvi asiyekuwa na la kusema hapo. Mmoja anatuma sauti yake kwa Kimwani: babu amemwambia ni mwezi. Wa pili anauliza: mbona bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na pia mwezi ukiwa mwandamo? Wa tatu anasema ni upepo. Asubuhi mwalimu anaandika majibu matatu ubaoni, darasa linayapima, kisha anaeleza kwamba mwezi na jua vikiwa katika mstari mmoja na dunia huvuta maji kwa pamoja, na mwezi ukiwa nusu mvuto wao haukutani. Mwisho anawapa maneno ya Kireno ya yale ambayo wameshayaelewa.

Tuangalie kilichotendeka. Mtoto mwenye haya amepata muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Hakuchekwa kwa lafudhi yake. Mwalimu ameona usiku nani amekosea na wapi, wala hakungoja mtihani. Na mjadala haukubaki katika simu: umerudi darasani, ambako hata asiye na simu ameusikia na kuuchangia. Simu ilikuwa mlango tu. Mwalimu anayetuma kurasa 20 za kunakili hajajadiliana na mtu. Amehamisha ubao tu kutoka ukutani kuutia mfukoni.

Tuliyaona hayo mwaka 2020. Shule zote za Msumbiji zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Masomo yakapelekwa kwa redio na televisheni, karatasi za mazoezi zikagawiwa, na waliokuwa na simu za intaneti wakaunda vikundi. Mwenye simu, umeme na bando aliendelea kidogo. Asiye navyo alibaki nyuma, na mara nyingi huyo alikuwa mtoto wa kibarua.

Njia hii si ngeni kwetu

Wazee wetu wengi walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, na wanajua kwamba mtu mzima hujifunza kwa kuzungumza. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, watu zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Kampeni ya kwanza ya taifa ya kufuta ujinga, mwaka 1978, ilianzia mahali penye watu waliojipanga pamoja: viwandani, katika vijiji vya pamoja na katika vyama vya ushirika. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua.

Ng'ambo ya Ruvuma, mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kila wiki katika vikundi vidogo. Walisikiliza kipindi, wakafungua kitabu, kiongozi wa kikundi akauliza swali, wakajadiliana juu ya malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio haikuweza kuwajibu hata neno. Kazi ilifanywa na swali zuri, kikundi kidogo, na kiongozi aliyeandaliwa. Vitu hivyo vitatu vikikosekana, simu ya bei ghali haitasaidia. Vikiwepo, hata simu ndogo inatosha. Huko Kenya, wanafunzi wa huduma ya Shupavu 291 waliweza kumwuliza mwalimu swali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, bila intaneti.

Gharama na hatari

Sasa tuseme wazi. Bando hulipiwa. Mama anayebangua korosho au kibarua wa shambani akiambiwa kila mtoto awe na simu yake, ameambiwa achague kati ya bando na unga. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na huwa na baba aliye kazini. Elimu ya msingi ni haki ya mtoto. Haiwezi kurudishwa nyumbani kwa mfanyakazi kwa njia ya salio la simu.

Mtandao nao si wa kutegemea. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliangusha nyumba, shule na nguzo. Wakati wa mapigano ya 2020 na 2021, Mocímboa da Praia na Palma zilikaa muda mrefu bila mawasiliano. Na mahali penye vita neno moja la uvumi linaweza kumponza mtu. Kwa hiyo kikundi cha darasa kiwe cha masomo tu, bila habari za askari wala za njia.

Tuwalinde pia mabinti zetu. Namba ya simu ya msichana si mali ya darasa zima. Mwalimu aandike ndani ya kikundi, mbele ya wote, na awepo mwalimu wa pili au mzazi anayesoma. Asimwandikie mwanafunzi faraghani usiku.

Tusiwasahau walimu, ambao ni wafanyakazi wenzetu. Kusoma majibu 60 usiku ni kazi. Sisi tunaodai malipo ya saa za ziada kiwandani hatuwezi kumtaka mwalimu afanye saa hizo bure, tena kwa bando lake mwenyewe.

Tunapendekeza nini

Msumbiji ina mabaraza ya shule, na wazazi wana viti humo. Tunawaomba ndugu wote wa matawi yetu wapeleke mambo haya huko:

1. Mwanafunzi asilazimishwe kuwa na simu, wala asipunguziwe alama kwa kukosa simu. Wanafunzi watano watano wanaoishi jirani watumie simu moja, na swali hilo hilo liandikwe ubaoni kabla ya kengele ya mwisho.

2. Majibu ya sauti kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili yakubaliwe, na Kireno kifundishwe kutokana nayo.

3. Kila mjadala urudi darasani kesho yake, ili asiwepo mtoto wa nje.

4. Bando la mwalimu na muda wake vihesabiwe kuwa gharama za shule. Waajiri wakubwa wanaotangaza kwamba wanasaidia jamii waombwe wasaidie hapo, kupitia baraza la shule na kwa hesabu iliyo wazi.

5. Palipo na redio ya jamii, iombwe kipindi cha maswali ya wanafunzi. Redio humfikia hata aliye kambini.

Ndugu wafanyakazi, tajiri hahitaji sana mtoto wake aulize maswali, maana atarithi. Mtoto wetu hana urithi ila akili yake na ulimi wake. Akizoea kuuliza kwa nini maji hupanda, kesho atauliza kwa nini makato ya mshahara wake yamepanda, na hatanyamaza mpaka ajibiwe. Basi kila tawi liliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake, kabla mwaka wa shule haujafunguliwa.