MWENDO WA MAGARI MJINI BUJUMBURA: KIBAO PEKE YAKE HAKITOSHI

Asimamaye asubuhi mahali ambapo Barabara ya Taifa Namba 1 itokayo Bugarama inaingia mjini Bujumbura, huona jambo linalostahili kufikiriwa. Malori yaliyosheheni mizigo hushuka zaidi ya mita elfu moja kutoka milimani hadi tambarare ya Ziwa Tanganyika. Pamoja nayo huteremka waendesha baiskeli, migongo wameiinamisha, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma yao. Mara mteremko unapokwisha, mji huanza: watoto wa shule, akina mama waendao sokoni, wazee wanaosubiri kuvuka. Lami ni ile ile, lakini mahali si pale pale tena. Je, gari likiingia hapo liende kwa mwendo gani, na uamuzi huo hufanywaje?

Tunawaelekea hasa ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, kwa kuwa wao wana nafasi mbili katika jambo hili: ni walinzi wa sheria ya barabara, na pia ni watumiaji wa barabara hiyo.

Nchi yetu ina sheria ya usalama barabarani ya tarehe 23 Novemba 2012. Kwa desturi ya mataifa mengi, sheria ya nchi huweka kikomo cha jumla, kimoja kwa ndani ya miji na kingine kwa nje yake. Kisha alama iliyosimikwa njiani huweza kupunguza kikomo hicho mahali penye hatari, kama vile penye shule, soko au kona kali. Alama hiyo ni duara lenye ukingo mwekundu na tarakimu katikati, na faida yake ni kwamba haihitaji lugha. Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam, ambaye akivuka mpaka wa Kobero hulazimika kuacha upande wa kushoto na kushika wa kulia, huielewa bila mkalimani.

Lakini tarakimu ile haikushuka kutoka mbinguni. Ni watu walioiandika, na watu huweza kukosea na kujisahihisha. Uingereza ilifuta kikomo cha mwendo wa magari madogo mwaka 1930, ikiamini kwamba dereva mwenye busara atajizuia mwenyewe. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 wakafa katika barabara zake. Mwezi Machi 1935 kikomo kikarudishwa mijini: maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 48.

Baadaye wahandisi, hasa wa Marekani, walizoea kupima mwendo wa magari yanayopita pasipo kizuizi, kisha kuchukua ule mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayauzidi, wakaufanya kuwa kikomo. Njia hiyo ina mantiki katika barabara kuu ya mashambani. Mjini ina kasoro kubwa: humuuliza mwenye gari peke yake, na mtoto anayevuka kwa miguu hakuulizwa. Ndiyo sababu miji mingi imegeuza swali. Badala ya kuuliza madereva wanapenda kwenda kwa mwendo gani, huuliza mwili wa binadamu unaweza kustahimili pigo gani. Mji wa Graz, nchini Austria, uliweka kilomita 30 katika mitaa yake ya makazi mwaka 1992. Mwezi Februari 2020, wajumbe wa mataifa waliokutana Stockholm walipendekeza kikomo hicho hicho popote watu na magari wanapochanganyika.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kila askari aweza kuifanya. Dereva mwenye akili timamu huhitaji takriban sekunde moja kutoka kuona hatari hadi kukanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, katika sekunde hiyo gari limekwenda mita 14 kabla breki haijagusa kitu. Kwa kilomita 30, gari zima lenye breki nzuri kwenye lami kavu huwa limekwisha simama kabisa katika mita 13 au 14. Maana yake ni hii: mtoto akitokea ghafla mita 14 mbele, dereva wa kilomita 30 humkaripia na kuendelea na safari, dereva wa kilomita 50 humgonga kwa mwendo ule ule aliokuwa nao.

Huenda askari akasema: sina chombo cha kupimia. Chombo cha kisasa ni kizuri, lakini kukikosa si sababu ya kukaa gizani. Pimeni mita 50 za barabara, mchore mstari kila upande, na mshike saa. Gari lipitalo mita hizo kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Kwa sekunde 3 na nusu hivi, kilomita 50. Kwa sekunde 3, kilomita 60. Hatudai kwamba kipimo hicho kinatosha kumtoza mtu faini. Lakini kikiandikwa kwa magari mia moja, asubuhi na jioni, pamoja na mahali ajali zilipotokea, huwapa wakuu wa mji jambo la kuamulia. Daftari la askari wa zamu ndiyo mbegu ya kikomo chema.

Mji wetu unaijua gharama ya ajali. Mwezi Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na magari ya magurudumu matatu kuingia katikati ya Bujumbura, na sababu iliyotajwa ilikuwa ajali. Nia ya kuokoa maisha haina ubishi. Hata hivyo, watu wengi walipoteza njia ya riziki au walilazimika kutembea mwendo mrefu. Tunauliza kwa heshima: kabla ya kumwondoa mnyonge barabarani, je, hatuna budi kwanza kupima mwendo wa mwenye nguvu?

Majirani nao wanatufunza. Mwaka 2021 madereva wa Kigali walilalamika kwamba kikomo cha kilomita 40 kilikuwa kidogo mno. Rais Paul Kagame alikiri hadharani kuwa kilikuwa chini kidogo, na akasema uwiano utatafutwa. Kikomo kisichoaminiwa na wananchi huonekana kuwa mtego wa faini, na sheria hupoteza heshima. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend halikutegemea vibao peke yake karibu na shule za msingi: liliweka matuta, vivuko na njia za miguu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ross ya miji. Tuta halipokei rushwa wala halichagui cheo.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wenye sare. King'ora ni cha dharura. Gari la serikali lisilo na dharura likipita mtaani Buyenzi au Kanyosha kwa mwendo wa kutisha, mwananchi hujifunza kwamba kibao ni cha wasio na uwezo. Kesho yake askari atakaposimamisha teksi pale pale, neno lake litakuwa jepesi. Lakini dereva wa jeshi apunguzapo mwendo mbele ya shule, bila kuamriwa na mtu, huwa amesimika kibao ambacho hakuna mvua itakayokifuta.