Mbwa anayefunzwa kutong'ata

Kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Louisiana na Texas, mtoto wa mbwa wa mawindo aghalabu huonyeshwa nguruwe akiwa bado na umri wa miezi michache tu. Nguruwe mwenyewe huwa mdogo, tena mara nyingi yuko upande wa pili wa uzio. Mbwa ananusa, anarudi nyuma, anasogea tena. Nguruwe anakoroma na kumgeukia ghafla, na hapo ndipo kila mmoja huonyesha alivyo. Yupo anayefyata mkia na kukimbilia miguuni mwa bwana wake. Yupo anayeurukia uzio kwa hasira akitaka kuuma. Anayetafutwa ni yule anayesimama hatua chache, akamkazia macho nguruwe, akabweka na asinyamaze. Mwenye mbwa akiisikia sauti hiyo humtoa upesi, angali na hamu ya kuendelea.

Kazi anayoandaliwa ni kumsimamisha nguruwe. Msituni atatafuta harufu, ataifuata, na akimkuta mnyama atamzunguka na kumbwekea usoni mpaka aache kukimbia na kugeuka kujihami, mgongo ukiwa umeegemea kisiki au kichaka. Wawindaji huifuata sauti. Wakishakaribia ndipo hufunguliwa mbwa wa pili, mzito, mara nyingi wa ukoo wa bulldog, ambaye kazi yake ni kushika sikio na kung'ang'ania mpaka watu wamfunge nguruwe miguu au wamchome kisu. Mbwa wa kubweka anayejitwalia kazi hiyo akiwa peke yake, mbali na watu, hachelewi kupasuliwa.

Silaha za dume zinaeleza sababu. Meno yake marefu ya chini husuguana na ya juu kila anapofungua na kufunga kinywa, hivyo hujinoa yenyewe. Hupiga kwa kurusha kichwa kutoka chini kwenda juu, na pigo huangukia shingo, kifua au tumbo la mbwa. Mabegani ana gamba nene la ngozi ngumu ambalo meno ya mbwa hayalipenyi kwa urahisi. Ndiyo maana wawindaji wengi huwavisha mbwa fulana nzito za kinga, na bado hubeba nyuzi na dawa za kusafishia majeraha.

Kwa hiyo kinachofunzwa hasa ni umbali. Mbwa anayebweka kwa mbali, nguruwe humpuuza na kwenda zake. Anayekaribia mno huumia. Kati ya hao wawili kuna nafasi ya hatua mbili tatu, na mbwa hodari huipanua na kuipunguza kila sekunde: nguruwe akimrukia, yeye huruka pembeni; nguruwe akigeuka kukimbia, yeye humdokoa paja ili ageuke tena. Hakuna amri ya binadamu inayoweza kumwongoza hatua kwa hatua katika mchezo huo. Sehemu kubwa yake amezaliwa nayo.

Hapo ndipo anapoingia Catahoula, mbwa wa madoadoa, mara nyingi mwenye macho meupe kama kioo, aliyepewa jina la wilaya ya Catahoula na ambaye tangu 1979 ndiye mbwa rasmi wa jimbo la Louisiana. Zamani wakulima wa huko waliwaachia nguruwe wao wajilishe msituni, kila mwenye mali akiwatambua wa kwake kwa alama alizowakata masikioni. Siku ya kuwakusanya ilihitaji mbwa wa kuwachokoza nguruwe mpaka kundi zima limfukuze yeye, naye akimbie mbele yao kuelekea zizini. Mbwa mwenye pupa ya kung'ata alikuwa hasara kwa mwenye mifugo. Nadhani utulivu tunaousifu leo kwa mbwa hawa ulitokana na hesabu hiyo ya mkulima.

Nguruwe wenyewe ni wageni Marekani. Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539, na vizazi vya nguruwe wa kufugwa vilivyotoroka vikaendelea kuzaana. Baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya mawindo. Leo Texas peke yake inakadiriwa kuwa nao zaidi ya milioni 2. Idara ya Kilimo ya Marekani kwa miaka mingi ilitaja hasara ya takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Mkulima wetu anayekesha kwenye dungu akilinda mahindi yasifukuliwe na nguruwe pori ataielewa hasira ya mwenzake wa Texas, ingawa wanyama wao si wa aina moja.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote katika mafunzo ni haraka. Ukimwingiza mtoto wa mbwa kwa dume kubwa, kipigo kimoja chaweza kumtia woga wa maisha. Ukimrudisha zizini kila wiki kwa nguruwe yuleyule aliyechoka na kuzoea mbwa, ataona nguruwe wote ni wanyonge, na kiburi hicho atakilipia msituni. Zizi humwonyesha mnyama, ila halimfundishi kumtafuta. Hilo hulijua akitembea na mbwa mzee: kufuata harufu, kuvuka maji, kuwaacha paa na ng'ombe wa watu. Mfunzaji mwenye subira humtanguliza mzee, na siku moja humwacha nyumbani ili amsikilize kijana atafanya nini peke yake.

Mjini Winnfield, Louisiana, tangu miaka ya 1990 hufanyika mashindano yenye jina la Earl Long, gavana wa zamani aliyependa sana mawindo ya nguruwe. Mbwa huingia zizini na nguruwe, waamuzi wakitazama anavyomkabili na kubweka bila kukatiza. Akimng'ata hupoteza alama. Kuwapiganisha mbwa na nguruwe kwa burudani ni kosa la jinai katika jimbo hilo, na sheria imefanya vyema kutenganisha mambo hayo mawili. Mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na anayefurahia damu yake hana analomfunza mbwa.

Jambo moja mbwa hawezi kulikwepa kwa umahiri. Nguruwe hawa wa msituni hubeba virusi vya ugonjwa uitwao Aujeszky, ambavyo nguruwe aliyekomaa huishi navyo bila shida. Mbwa akivipata huwashwa mpaka anajing'ata ngozi, na kwa kawaida hufa katika siku chache, tiba hakuna. Ipo pia brusela, inayoweza kumpata mwindaji mwenyewe kupitia damu anapochuna, ndiyo maana hushauriwa kuvaa glavu. Baada ya mawindo mbwa hukaguliwa mwili mzima, kuanzia kwapani ambako tundu dogo la jino hufichwa na manyoya. Nyama mbichi hapewi, hata kipande cha kumpongeza.