Rangi ya Gari Ikigoma Tandahimba: Tuanze na Hewa

Rangi ya gari iliyopulizwa nyumbani ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni fundi, kisha bunduki ya rangi. Kwa Tandahimba mimi naanza kwingine: kwenye hewa. Usiku wa Uwanda wa Makonde una baridi, umande na ukungu, na unyevu huohuo unaostawisha ugonjwa wa ubwiriunga kwenye maua ya mikorosho ndio unaoharibu rangi mbichi. Tena, ili kuuzuia ubwiriunga, wakulima hupuliza salfa ya unga kwa mashine kuanzia mwezi wa tano au wa sita, mara nyingi alfajiri upepo ukiwa umetulia. Unga ule haubagui mkorosho na gari lililoegeshwa jirani.

Tuanze na weupe, maana ndio unaowachanganya wengi. Boneti imepulizwa saa moja asubuhi ikang'aa, na baada ya dakika chache imefifia kama iliyopakwa maziwa. Wengi husema rangi ni feki. Inawezekana, lakini chunguza jambo jingine kwanza. Thina inapopaa hulipoza bati, na bati likipoa vya kutosha katika hewa yenye unyevu, mvuke hugeuka matone madogo mno juu ya rangi ambayo bado haijakauka. Rangi ya NC (nitroselulosi) iliyochanganywa na thina ya haraka ndiyo huathirika zaidi. Subiri jua lipande na bati lipate uvuguvugu, na utumie thina ya taratibu. Koti lililokwisha kufifia mara nyingi huokolewa kwa kulipitishia thina ya taratibu, nyembamba sana, hewa ikiwa kavu. Usiongeze koti jingine la rangi juu ya unyevu.

Maji hupita pia ndani ya kompresa. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na ikipoa njiani huacha maji kwenye tangi na kwenye mpira. Fungua koki ya chini ya tangi kabla ya kazi na kila unapopumzika, tumia mpira mrefu ili hewa ipoe kabla ya kufika, na ufunge chujio la maji karibu na bunduki. Kipimo ni rahisi: puliza hewa tupu kwenye kioo kikavu kwa dakika moja. Ukiona nukta za maji au utando wa mafuta, acha kupulizia gari.

Hapa tofauti moja ni muhimu. Vishimo vya mviringo vinavyofunguka palepale, rangi ikikimbia na kuliacha bati wazi, ni alama ya mafuta au silikoni, na silikoni hutoka zaidi kwenye dawa za kung'arisha matairi na dashibodi. Malengelenge yanayoota siku au wiki kadhaa baadaye ni alama ya maji yaliyofungiwa chini, mara nyingi ndani ya puti iliyosuguliwa kwa msasa wa maji na kufunikwa kabla haijakauka. Anayeyachanganya haya mawili atapiga msasa na kurudia kazi bila kuondoa chanzo.

Vipele vya vumbi vina chanzo kinachoonekana. Maji yana thamani kubwa huku uwandani, hivyo wengi huosha gari harakaharaka na hawamwagii uwanja maji ya kutuliza vumbi. Salfa haiyeyuki kwenye maji. Huondoka kwa sabuni na kitambaa, na ikibaki chini ya rangi huzuia rangi kushika. Usipulizie chini ya mkorosho wala mwembe. Kipele kilicho kwenye klia (koti la juu lisilo na rangi) iliyokauka sawasawa huondolewa kwa msasa wa 2000 na polishi.

Machozi na ganda la chungwa ni makosa ya mkono. Machozi ni rangi nyingi mahali pamoja. Ganda la chungwa ni rangi nzito, presha ndogo au bunduki iliyo mbali. Sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati zinatosha, mkono ukitembea bila kusita. Rangi mpya ikikunjamana, mara nyingi kosa liko kwenye rangi ya zamani: ijaribu mapema kwa kitambaa chenye thina, na ikilainika, usiweke koti zito juu yake.

Kwa kazi hii mimi ningechagua Oktoba na mwanzo wa Novemba. Salfa imekwisha, mvua kwa kawaida bado, na minada ya korosho ndipo huanza, hivyo fedha huanza kuonekana. Malipo yakichelewa mpaka Desemba, ni heri kungoja siku kavu kuliko kupulizia kati ya manyunyu mawili.

Lipo jambo lisilosubiri msimu wowote. Hadina ya rangi ya 2K (rangi inayokauka kwa kuchanganywa na hadina) ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa cha kanga au barakoa ya hospitali haiizuii. Kila anayepuliza 2K avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, afunike ngozi na macho, na watoto wawe mbali mpaka hewa isafishike na bati likauke. Kama barakoa hiyo haipo, usiipulizie 2K nyumbani. Lipeleke gari kwa fundi mwenye vifaa.