Chapati za Viazi vya Kukwaruza



Kila msimu wa kuvuna viazi, tukitembelea vikundi vya sehemu za baridi kama Kinangop na Molo, habari tunazopewa ni zile zile. Dalali amekuja na lori, amechukua viazi vikubwa kwa bei aliyotaka yeye, na vile vidogo vimebaki uani. Vikichemshwa kila siku watoto wanachoka navyo. Na Shangi, ambayo wengi wanapanda, haingoji mtu. Baada ya wiki chache inaanza kuchipua. Kwa hivyo leo tunaeleza pishi moja la kutumia viazi hivyo nyumbani.

Pishi lenyewe si la kwetu. Huko Ujerumani, Poland na Belarus familia zimelipika kwa vizazi vingi. Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki hulipika kwa sikukuu ya Hanuka, ambayo huchukua siku nane mwishoni mwa mwaka, kwa sababu vyakula vya mafuta huwakumbusha mafuta ya taa ya Hekalu. Nyumbani kazi hugawanywa: mmoja anakwaruza, mwingine anakamua, mwingine yuko kwenye kikaango, na watoto wanangoja na sahani.

Chukua kilo moja ya viazi, kitunguu kimoja, mayai mawili, vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ngano, na chumvi kijiko kidogo. Osha viazi vizuri. Kama ngozi ni safi si lazima kumenya, maana kumenya viazi vidogo ni adhabu. Lakini sehemu yoyote ya kijani, pamoja na machipukizi, ikatwe yote. Kijani hicho huandamana na sumu ambayo moto wa jikoni hauiui. Kiazi kilicho kijani sana au kichungu kitupwe.

Kwaruza viazi pamoja na kitunguu. Asiye na kikwaruzo atoboe mkebe safi kwa msumari, atumie upande wenye makali.

Sasa hapa ndipo wengi huharibu. Karibu sehemu nne kwa tano za kiazi ni maji. Ukiyaacha, mafuta yatafanya kazi ya kukausha maji badala ya kukaanga, na utapata kitu laini kilichonyonya mafuta. Kwa hivyo weka viazi kwenye kitambaa safi, sokota, kamua kwa nguvu juu ya bakuli. (Baba aitwe hapa, mikono yake ina nguvu.) Yale maji usiyamwage mara moja. Yaache dakika kumi, kisha yamwage polepole. Chini utaona kitu cheupe kama unga uliolowa. Huo ni wanga wa kiazi. Urudishe kwenye viazi, ndio unaoshikanisha chapati na kuikausha vizuri nje. Ongeza mayai na unga, na chumvi iwe ya mwisho, kwa sababu chumvi huvuta maji tena.

Mafuta kwenye kikaango yawe na kina cha nusu sentimita hivi. Tupa kipande kidogo. Kikilia chwaa, yako tayari. Weka kijiko kimoja kimoja, bonyeza iwe nyembamba, na usijaze kikaango, maana mafuta yatapoa. Dakika tatu au nne kila upande zinatosha. Zikitoka zipange bila kuzibebanisha, wala usizifunike.

Vikundi kadhaa vimetuuliza kama zinaweza kuuzwa sokoni. Kwa maoni yetu, hapana. Ukizifunika kwenye beseni, mvuke unazilegeza, na mteja wa pili anakula kitu tofauti na cha wa kwanza. Hizi ni za kutoka kikaangoni hadi mkononi, watu wa nyumba wakiwa wamezunguka jiko. Zikibaki, asubuhi zipashe kwenye kikaango kikavu bila kifuniko, zinaenda vizuri na chai.