Ufa wa zege hauponi kwa lipu

Katika viwanja vya misikiti yetu, na katika njia za zege zitokazo barabarani hadi mlangoni, kuna desturi iliyokwisha kutugharimu fedha nyingi za waumini. Zege likipasuka, huitwa fundi, akachanganya saruji na mchanga, akaupaka ufa kwa juu, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Masika yakipita, ufa hurudi pale pale, mara nyingi ukiwa mpana zaidi, na mchango hutangazwa tena baada ya swala ya Ijumaa. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba kila kilichofunikwa kimezibwa.

Jambo hili si dogo katika dini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani, na bamba la zege lililonyanyuka ukingo ni udhia ulio wazi. Humkwaza mzee aendaye swala ya Alfajiri gizani, humzuia ndugu anayetumia kiti cha magurudumu, na huwayumbisha wachukuzi wa jeneza. Tena fedha inayotumika ni sadaka na waqfu, nayo ni amana.

Kwa nini lipu haidumu? Zege lina nguvu kubwa linapobanwa, lakini ni dhaifu linapovutwa au kupindwa. Bamba likishapasuka huwa mabamba mawili yasiyosaidiana. Gurudumu likikanyaga upande mmoja, upande huo hudidimia peke yake. Maji yaliyoingia chini husukumwa huku na huko, yakachukua udongo laini, hata pakawa na uwazi chini ya zege. Lipu ya juu haiwezi kuhamisha uzito kutoka upande huu kwenda ule. Kiwezacho ni chuma kinachovuka ufa.

Wenye barabara kubwa za zege walilijua hilo kwa gharama. Jimbo la Washington, nchini Marekani, lilikuwa na barabara kuu zilizojengwa bila vyuma katika maungio ya mabamba, na baada ya miaka mingi ya malori mabamba yakapishana kimo. Mwaka 1992 lilifanya jaribio katika barabara ya I-90 la kupachika vyuma katika zege la zamani, na baadaye likaitumia njia hiyo kwa mapana.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Katika kila mkondo wa magurudumu hukatwa, kwa msumeno wa almasi, mifereji mitatu inayovuka ungio. Ndani ya kila mfereji hulazwa chuma laini cha mviringo, unene milimita 38 na urefu milimita 450, nusu upande huu na nusu upande ule, katikati ya kina cha bamba. Chuma hicho hupakwa mafuta na ncha zake huvishwa vifuniko, ili zege litanuke kwa joto na lisinyae kwa baridi bila kuzuiwa. Hapa fundi aliyezoea nondo inayong'ang'ania zege hustaajabu, kwani chuma hiki hutakiwa kiteleze. Kazi yake ni kubeba uzito, si kufunga. Kikilazwa mshazari, ungio hufungika na zege hupasuka mahali pengine. Kabla ya kujaza, vumbi lote hutolewa kwa mchanga wa kupulizwa na hewa ya kompresa, kwa kuwa zege jipya halishiki juu ya vumbi. Kisha mfereji hujazwa zege la kukauka haraka, na uso wa barabara husagwa uwe sawa.

Ufa uendao kwa urefu wa njia una tiba nyingine, maana huo hutakiwa usifunguke kabisa. Hutobolewa matundu ya mshazari wa nyuzi zipatazo 35, moja kutoka kulia na jingine kutoka kushoto, yakiuvuka ufa katikati ya unene wa bamba. Humo hugandishwa nondo zenye matuta kwa gundi ya epoksi, kama uzi upitavyo katika kitambaa kilichochanika.

Mabamba ya viwanja vyetu mengi ni membamba. Hayana nafasi ya chuma cha milimita 38, na kuiga kila cha barabara kuu kungekuwa israfu. Linalotufaa ni kuujua msingi wa tiba. Bamba lililovunjika vipande vingi, au linalotoa mlio wa uwazi likigongwa kwa nyundo, halishoneki. Likatwe kwa mstari ulionyooka na kutolewa hadi chini, udongo ushindiliwe, ubavu wa zege zima utobolewe na vipande vya nondo vigandishwe humo, ndipo zege jipya limwagwe. Na kabla ya hayo yote yatazamwe maji ya kutawadhia yanakomwagika. Yakiwa yanaishia kando ya bamba, mfereji wake ndio utengenezwe kwanza.

Zege jipya la kawaida linyweshwe maji siku 7 bila gari kulikanyaga. Katika siku hizo haikosi Ijumaa moja, kwa hiyo tangazo litolewe wiki iliyotangulia, na waumini waelekezwe mlango mwingine.