Mikumi na Watoto: Tukae Siku Ngapi?

Watoto wetu wengi wanamjua simba kwa noti ya shilingi 2,000 na tembo kwa noti ya shilingi 10,000. Twiga wamemchora daftarini tangu darasa la awali. Lakini ni wangapi kati yao wamewahi kumwona mmoja wa wanyama hao akitembea kwa miguu yake? Kwa hiyo likizo inapokaribia, ombi hilo hurudi mezani: "Mama, lini tutakwenda mbugani?"

Kwa familia za Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, jibu mojawapo lililo karibu kwa barabara ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Iko kilomita 283 hivi kutoka Dar es Salaam, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Siku hizi akina mama wengi hawaulizi tena kama waende au wasiende. Wanauliza: tukae siku ngapi? Swali hilo tusilichukulie kwa wepesi, kwa maana ndani yake mna fedha ya sare na madaftari ya Januari, mna nguvu za mama, na mna amani ya nyumba nzima. Safari fupi mno huwachosha watoto bila kuwaonyesha kitu. Safari ndefu mno humaliza akiba, na siku ya mwisho kila mtu amenuna.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tukichunguza jinsi Mikumi ilivyo na jinsi watoto walivyo, tutaona kwamba wazee wetu hawakuwa mbali na ukweli.

Kwenda na kurudi siku moja

Wengi huanza na wazo hili kwa sababu linaonekana rahisi: hakuna malazi ya kulipia. Hebu tulihesabu kwa saa. Mkiondoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri, na barabara ya Kibaha na Chalinze isiwacheleweshe sana, mtafika langoni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Wakati huo jua limekwisha kupanda. Simba amelala kwenye majani marefu, na swala wamejibanza vivulini. Wanyama wengi hutembea na kula asubuhi na mapema, na tena jioni jua likipoa. Saa mlizo nazo ninyi ni zile za adhuhuri, ambazo hata wanyama wenyewe wanapumzika. Saa 9 mnaanza kurudi, na usiku unawakuta njiani pamoja na malori, mtoto mdogo akilia kwenye kiti cha nyuma.

Tena yako mambo ambayo kila abiria wa basi la Iringa anayafahamu. Barabara kuu inakatisha ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kutoka dirishani mwa basi huonekana swala, pundamilia, nyani, na mara nyingine twiga au tembo, bila kulipa hata senti. Mama mwenye busara atajiuliza: kama nitaingia adhuhuri na kuona wale wale walioko kando ya lami, nimelipia nini?

Safari ya siku moja inawafaa wanaoanzia Morogoro mjini, kwa kuwa wao wanaweza kuwa langoni mapema. Kwa wanaotoka Dar es Salaam twaishauri kwa vijana wakubwa tu, siyo kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Kulala usiku mmoja

Hapa hesabu inabadilika. Mnafika mchana, mnapumzika, watoto wanakula na kulala kidogo. Saa 10 jioni mnaingia hifadhini kwa saa mbili. Kesho yake mnaamka kungali giza, na saa 12 asubuhi mko langoni. Kwa usiku mmoja tu mmepata jioni moja na asubuhi moja, yaani zile saa mbili bora za porini, ambazo msafiri wa siku moja hazipati kamwe.

Kasoro yake ni kwamba safari mbili za barabarani zinafuatana bila siku katikati. Baba aliyeendesha gari jana ataendesha tena leo. Mkiwa na dereva wa pili, au watoto wenu wakiwa wamepita miaka 7, usiku mmoja unatosha vizuri.

Njia nyingine ya kupunguza uchovu ni treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mwendo wake hauzidi saa mbili. Kutoka Morogoro mnapanda basi au gari la kukodi, na watoto wanakuwa wamepata safari mbili ndani ya moja, kwa maana kwa mtoto wa miaka 6 treni nayo ni kitu cha kusimulia.

Kulala usiku mbili

Kwa familia yenye watoto wadogo na wakubwa pamoja, hiki ndicho kipimo tunachokipendekeza. Siku ya kwanza ni ya kufika. Siku ya pili ni ya hifadhi tupu: asubuhi saa tatu, jioni saa mbili, na katikati mapumziko marefu. Siku ya tatu ni kifungua kinywa na kurudi bila haraka.

Uzuri wake uko katika ile siku ya katikati. Asubuhi mnaweza kuzunguka uwanda wa Mkata, ambako tembo, nyati, nyumbu, pundamilia na twiga huonekana bila kuwatafuta sana, kwa kuwa ni uwanda wa wazi. Jioni mnakwenda kwenye bwawa la viboko, lisilo mbali na lango. Bwawani hakuna haja ya kukimbia huku na huko. Gari linasimama, mnanyamaza, na kiboko anainua kichwa na kupuliza maji. Watoto wadogo hupenda mahali pa namna hiyo kuliko kukimbizana na simba ambaye pengine hatatokea.

Waambieni watoto kabla ya kuondoka kwamba porini hakuna ahadi. Simba wapo, lakini wanatokea wapendapo. Kifaru wa noti ya shilingi 5,000 wasimtazamie Mikumi. Mtoto aliyeandaliwa hivyo hufurahia ngiri anayekimbia na mkia juu, lakini aliyeahidiwa simba hulia hata akiwa ameona tembo ishirini.

Zaidi ya hapo

Usiku wa tatu una maana ikiwa mna watoto wa miaka 10 na kuendelea wanaopenda kutembea kwa miguu. Hao mnaweza kuwapeleka Milima ya Udzungwa, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992. Kutoka mji wa Mikumi mnashika njia ya Ifakara mpaka Mang'ula. Huko hakuna kuzunguka kwa gari. Watu hupanda mlima msituni hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka mita 170 hivi. Ni matembezi ya saa kadhaa, na kwa mtoto wa miaka 4 siyo starehe bali ni adhabu, kwake na kwa atakayembeba.

Lakini kuongeza siku ya tatu ndani ya Mikumi yenyewe, kwa njia zile zile na wanyama wale wale, hakuwaongezei watoto furaha kwa kadiri ya fedha inayotoka. Siku hiyo ndiyo ya jembe.

Mdogo ndiye apimaye

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto watatu: wa miaka 12, wa 8 na wa 3. Mkubwa angependa siku nne. Wa kati anafuata mkubwa. Yule wa miaka 3 hawezi kukaa garini zaidi ya saa mbili au tatu bila kutaka kushuka, na ndani ya hifadhi hakuna kushuka ila mahali palipoonyeshwa na mwongozaji. Langoni mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwa malipo, na wa miaka 5 hadi 15 hulipiwa chini ya mtu mzima. Lakini huyo anayeingia bure ndiye anayegharimu nguvu nyingi kuliko wote. Basi siku zihesabiwe kwa uwezo wake. Wakubwa watapata zamu yao mwaka mwingine.

Tuketi tuhesabu gharama

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mke na mume waketi hivyo hivyo, na karatasi na kalamu, kabla watoto hawajaambiwa lolote.

Gawanyeni gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zisizobadilika hata mkikaa siku ngapi: nauli au mafuta ya kwenda na kurudi. Fungu la pili ni zile zinazoongezeka kila siku: kiingilio, malazi, chakula, na gari la kuzungukia hifadhini. Mkishaona siku moja ya ziada inaongeza kiasi gani, jiulizeni fedha hiyo ingefanya nini nyumbani. Kama ni ya ada ya mtoto aliye shule ya binafsi, au ya dawa ya bibi, msiichukue. Safari nzuri ni ile ambayo haiwadai mkirudi.

Yako mambo ya kupunguza gharama. Malazi ya mji mdogo wa Mikumi, mbele ya lango ukielekea Iringa, kwa kawaida ni nafuu kuliko hoteli zilizo ndani ya hifadhi. Gari la kukodi hulipwa kwa gari, siyo kwa kichwa, basi familia mbili ndogo zaweza kushirikiana. Bei za kiingilio hubadilika. Ziulizeni kabla ya kuondoka, na mwulize pia kibali chenu kinaisha saa ngapi, msije mkalipa mara mbili kwa kuchelewa nusu saa.

Na kwa familia zinazokwenda kila mwaka kusalimia wazee Iringa, Njombe au Mbeya, mnapita hapo hapo! Nauli mmekwisha kuilipa. Lalini Mikumi usiku mmoja njiani, na watoto watafika kwa babu wakiwa na habari za kusimulia. Kumbukeni tu kwamba miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndiyo mizuri zaidi. Mvua zikianza, baadhi ya njia za ndani hazipitiki na majani huficha wanyama.

Jumapili na mapumziko

Tunashauri safari ianze Jumatatu au Jumanne wakati wa likizo, mrudi mapema, ili Jumapili familia iwe kanisani kwake. Mkilazimika kuwa safarini siku ya Bwana, mjini Mikumi yako makanisa. Ulizeni saa za ibada mnapofika.

Tena tusiogope kupumzika. Katika Marko sura ya 6 Yesu aliwaita wanafunzi wake waende kando wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakuwa na nafasi ya kula. Ni mama yupi asiyeyafahamu maisha hayo? Lakini mapumziko ya mama hayaji yenyewe. Kama safari ni yeye kupika, kufua na kubeba mtoto porini badala ya nyumbani, hata siku moja ni nyingi. Mkubaliane mapema: baba atamshika mdogo asubuhi, mkubwa atabeba maji, na chakula cha jioni kitanunuliwa.

Vitu vichache vya kufunga

Chukueni chandarua kama malazi hayana, na dawa za kawaida za watoto. Nguo za bluu iliyoiva na nyeusi ziacheni nyumbani, kwa maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Asubuhi ni baridi garini, basi sweta ziwepo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, tumieni vikapu. Vyakula visiachwe wazi karibu na nyani, wala vioo visishushwe wanapokaribia. Kama mna darubini, wekeni zamu, msije mkaamua ugomvi siku nzima.

Basi, akina mama wenzetu, tukiulizwa siku ngapi, twasema: usiku mmoja kwa watoto wakubwa, usiku mbili mkiwa na wadogo, na wa tatu uwe wa Udzungwa au usiwepo kabisa. Jirani akikaa juma zima, tumshukuru Mungu kwa ajili yake wala tusishindane naye. Ondokeni wakati watoto wangali wanaomba kubaki. Mtoto anayeondoka akigeuka nyuma kumtafuta twiga mara ya mwisho atawaombea safari nyingine, na ninyi mtakuwa na muda wa kuiwekea akiba.